Utani wa Upande Mmoja: Uonevu Shuleni na Mtoto Anayeitwa Mtoro

Mwalimu yeyote aliyewahi kushika zamu katika shule ya bweni anaijua kauli hii: "Mwalimu, nilikuwa namtania tu." Huitoa kijana wa kidato cha tatu au cha nne aliyeitwa ofisini baada ya mdogo wake wa kidato cha kwanza kukutwa analia nyuma ya bweni, au kukutwa hajala tangu jana. Mara nyingi kauli hiyo ndiyo humaliza kesi. Mdogo anaulizwa, mkubwa akiwa amesimama pembeni yake, kama ni kweli walikuwa wanataniana. Anaitikia kwa kichwa. Wote wawili wanarudi darasani.

Tabora ni mahali ambapo utetezi huo haukustahili kupokelewa hata siku moja. Huku utani ni mila yenye taratibu zinazofahamika, na mtu akiyapima yanayotokea mabwenini kwa taratibu hizo ataona mara moja kwamba kinachoitwa utani ni kitu kingine kabisa.

Wanyamwezi ndio waliokuwa uti wa mgongo wa biashara ya misafara katika karne ya 19, kwenye njia iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani hadi Tabora mpagazi alitembea miezi miwili hadi mitatu akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani. Alipita katika nchi za watu asiowajua, mbali na ukoo wake, na akiugua hakuwa na mama wala shangazi wa kumuuguza. Sehemu kubwa ya utani kati ya Wanyamwezi na watu wa pwani na wa njiani, Wazaramo wakiwa miongoni mwao, ilikomaa katika mazingira hayo. Mtani alikuwa mtu wa kumpokea msafiri, kumpa chakula, na ikibidi kumzika. Ndiyo maana mpaka leo mtani huonekana msibani akishika jembe la kaburi huku akimsema marehemu maneno ambayo mtoto wa marehemu hawezi kuyatamka, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi.

Utaratibu wake haujaandikwa popote lakini kila mtu anaushika. Anayetania hutaniwa. Anayechukua kuku wa mtani wake anajua kwamba kesho wake naye atachukuliwa, na hatanuna. Utani huwa kati ya watu na watu, si kati ya kundi na mtu mmoja aliyeteuliwa kwa kuwa ni mnyonge. Na juu ya yote, nyuma ya mzaha kuna deni: yule anayekucheka leo ndiye atakayeosha maiti yako. Ondoa kurudishiana, ondoa usawa, ondoa deni, kinachobaki hakistahili jina hilo.

Watafiti wa elimu walifika karibu na hapo hapo kwa njia yao wenyewe. Dan Olweus, aliyefanya utafiti wake Sweden na Norway tangu miaka ya 1970, alitambua uonevu kwa alama tatu: ni wa makusudi, hurudiwa, na anayeonewa hana nguvu sawa na anayemwonea. Alama ya tatu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Wavulana wawili wa kidato cha pili wakipigana kwa sababu ya mpira, huo ni ugomvi, na shule ina namna ya kuumaliza. Mmoja akiwa hawezi kurudisha, kwa umri, kwa mwili, kwa cheo au kwa sababu wenzake wote wamemgeuka, basi hakuna tena pande mbili za kusuluhisha.

Tumchukue mtoto mmoja wa mfano, kijana wa miaka 14 kutoka Sikonge, wazazi wake wakulima wa tumbaku. Amechaguliwa kwenda shule ya bweni na nyumbani walichinja mbuzi. Mwezi wa kwanza anateremka kwenye basi na vitu vyote vilivyotajwa kwenye fomu ya kujiunga: godoro, tranka lenye kufuli, ndoo, dumu la lita 20, jembe, reki, fagio, rimu ya karatasi. Ndani ya tranka mama ameficha sukari, karanga na chupa ya asali.

Usiku wa kwanza anaambiwa yeye ni njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, na njuka hana mali. Asali inaisha usiku huo. Siku ya tatu ndoo haipo, na ili aoge inambidi aombe ya mtu, na anayeombwa anataka kwanza achotewe maji. Hapo ndipo dumu linapoanza kazi. Lita 20 za maji ni kilo 20, na mwili wake hauzidi kilo 40. Anaamshwa kabla ya kengele ili maji ya mkubwa yawe tayari alfajiri, kisha anachota yake, kisha anawahi usafi wa mazingira. Ukikutana naye njiani utasikia akimwamkia shikamoo kijana anayemzidi miaka mitatu, kwa kuwa alishapigwa kofi alipomwita kaka. Saa mbili asubuhi yuko darasani kwenye somo la hisabati, na macho yanafumba yenyewe.

Baada ya wiki chache ameanza kuacha kunywa maji jioni, kwa kuwa choo kiko mbali na wakubwa hukaa njiani usiku. Halafu, licha ya tahadhari hiyo, anaanza kukojoa kitandani, jambo ambalo hofu inaweza kulirudisha hata kwa mtoto aliyeliacha miaka mingi iliyopita. Asubuhi godoro linaanikwa mbele ya bweni zima. Sasa ana jina, na jina hilo litamfuata mpaka kidato cha nne.

Nimeeleza hatua hizi kwa kirefu kwa sababu madhara ya uonevu huzungumzwa kana kwamba ni jambo la moyo tu, huzuni itakayopita. Kumbe yanaanzia mwilini. Usingizi umepungua, chakula kimepungua, maji yamepungua, na juu yake mtoto yuko macho muda wote akipima nani anaingia mlangoni. Akili inayolinda mgongo wake haina nafasi ya kushika kanuni za aljebra. Matokeo ya muhula yanakuja na nafasi ya mwisho mwisho, mzazi anakasirika, na mtoto anapigwa likizo kwa kosa la kuonewa. Maumivu ya kichwa na ya tumbo yasiyoonekana sababu ni ya kawaida sana kwa watoto wa aina hii. Wanaofika zahanati hutibiwa malaria au minyoo, kwa kuwa hakuna anayeuliza swali la pili.

Je, yanapita mtu akikua? Hilo lilijibiwa Uingereza kwa uvumilivu mkubwa. Watoto waliozaliwa katika juma moja la mwaka 1958 walifuatiliwa maisha yao yote, na wazazi wao waliulizwa kama watoto hao walionewa walipokuwa na miaka 7 na 11. Mwaka 2014 watafiti walichapisha taarifa za watu 7,771 kati yao wakiwa wamefika hadi miaka 50. Walioonewa mara kwa mara utotoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na sonona na wasiwasi, elimu yao ilikuwa ndogo zaidi, na wengi zaidi waliishi bila mtu wa karibu wa kumtegemea. Miaka 40 ilikuwa imepita. Wengi wa waliowaonea bila shaka walishasahau hata majina yao.

Utaratibu wa kumpa kijana mamlaka juu ya vijana wenzake haukuzaliwa hapa Tabora. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipoanzisha Shule ya Tabora katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, ilichukua mfano wa shule za bweni za tabaka la juu la kwao. Katika shule hizo wanafunzi wakubwa waliwatawala wadogo, nao wadogo waliwatumikia: kuwasafishia viatu, kuwaandalia chai, kutumwa huku na huku. Thomas Arnold, mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi 1842, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuufanya utawala wa viranja kuwa nguzo ya malezi. Kwa serikali iliyotawala kupitia machifu, shule ya namna hiyo ilifaa sana. Watoto wale walikuwa wanatayarishwa kuamuru, na walianza mazoezi bwenini.

Mmoja aliyepitia shule hiyo alikuwa Julius Nyerere, aliyeingia mwaka 1937 akitokea Musoma, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba alichukizwa na upendeleo waliopewa viranja, pamoja na posho mbili za chakula, wakati yeye mwenyewe alikuwa kiranja na angeweza kula akanyamaza. Kwangu mimi hapo pana uzito kuliko hotuba nyingi. Aliona kwamba tatizo halikuwa tabia mbaya ya kijana fulani. Sahani mbili za kiranja zilikuwa zimewekwa na shule yenyewe, na kijana mwema akikalia kiti hicho atazoea kula mbili.

Machifu waliondolewa madaraka mara baada ya uhuru, lakini kiti cha kiranja kilibaki, na katika shule nyingi za Afrika Mashariki kilibaki bila mtu wa kukikagua. Mwalimu mmoja analea bweni la vijana mia na zaidi, anaishi mbali na bweni, na usiku shule iko mikononi mwa wenye miaka 18. Kenya ilionja mwisho wa njia hiyo mwezi wa tano mwaka 1999, pale wanafunzi wa Nyeri High School walipowafungia viranja wanne katika chumba chao na kuwachoma moto hadi kufa. Hakuna manung'uniko yanayoweza kuhalalisha unyama ule. Lakini anayetaka kuuelewa lazima aangalie kinachotokea watoto wanapopewa ubwana juu ya watoto na malalamiko yasiwe na mlango wa kutokea. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya Alliance, shule inayoheshimika kuliko karibu zote nchini humo: wazazi walilalamika, wakaguzi waliingia, na ilionekana kwamba viranja walikuwa wakiwatesa vidato vya chini kama desturi.

Kuna neno husemwa na waliopita, tena kwa fahari: sisi tulipitia, tukakomaa, na wao wapitie. Neno hili ndilo linalouendesha uonevu kutoka mwaka hadi mwaka. Kijana aliyechotesha maji mwaka huu alichota miaka miwili iliyopita, na moyoni anadai. Hawezi kumdai aliyemwonea, huyo ameshamaliza shule, kwa hiyo deni linamwangukia mgeni. Utafiti uliofanyika Marekani kwa watoto 1,420, ukachapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba walioonewa kisha wao wenyewe wakaonea ndio waliofika utu uzima wakiwa na hali mbaya kuliko wote, wakisumbuliwa na sonona, hofu za ghafla na mawazo ya kujiua. Kukomaa kunakosifiwa kumetajwa na wale waliobahatika. Wengine hawako kwenye mikutano ya waliosoma pamoja ili watoe ushahidi wao.

Naye mwonezi asiyewahi kuonewa? Olweus aliwafuatilia wavulana waliotambuliwa kuwa waonezi wakiwa na miaka 13 hadi 16. Kufikia miaka 24, takriban asilimia 60 walikuwa wameshatiwa hatiani mahakamani angalau mara moja. Walikuwa wavulana wa Sweden, si wa Urambo, na idadi yao haikuwa kubwa, lakini mantiki yake haina mpaka. Kijana amejifunza kwa miaka minne kwamba matakwa hupatikana kwa kumtisha mdogo, na hajakutana na mtu wa kumkatalia. Anatoka na somo hilo kwenda kwenye ndoa, kwenye ofisi, kwenye kambi.

Kwa wasichana mambo mara nyingi huenda kimya zaidi. Dumu linaweza lisiguswe. Anayelengwa anakuta kila anapokaa mezani wenzake wanahama, au uvumi juu ya yeye na mwalimu umefika kijijini kabla yake. Hakuna alama ya kumwonyesha muuguzi. Watoto wenye ulemavu na wenye ualbino huanza wakiwa tayari wamelengwa. Tabora, ambako shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa mwaka 1963, ina uzoefu wa muda mrefu wa kuwalea watoto wa aina hiyo. Leo wengi wao husoma katika shule za kawaida, na humo mtoto asiyesikia hajui hata kinachomchekesha kila mtu nyuma yake.

Na si bweni pekee. Tangu sekondari za kata zilipoenea kuanzia miaka ya 2000, maelfu ya watoto hutembea kilomita nyingi kwenda na kurudi, au hupanga geto karibu na shule wakijipikia wenyewe. Njia ya porini haina kiranja wala mwalimu wa zamu. Uonevu wa huko hauandikwi kwenye daftari lolote.

Kuna daftari moja, hata hivyo, ambalo huandika matokeo yake bila kujua. Ni rejista ya mahudhurio. Mtoto anayeonewa hufika mahali akaacha kwenda shule. Anaaga nyumbani asubuhi akaishia mtoni, au anaondoka bwenini usiku na kurudi Sikonge kwa miguu. Rejista inamwita mtoro. Mtendaji wa kata anamfuata mzazi, mzazi anatishiwa faini, mtoto anarudishwa kwa fimbo. Katika mlolongo mzima huo hakuna aliyeuliza alikuwa anakimbia nini.

Watu wa Tabora walishawahi kuitwa watoro kwa namna hiyo hiyo. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya waliokodi wapagazi katika karne ya 19 vimejaa malalamiko ya wapagazi wanaotoroka njiani, na waandishi waliandika kana kwamba kutoroka ni ila ya kabila. Wanahistoria waliorudi kuvisoma vitabu hivyo kwa makini waliona mengine: posho iliyopunguzwa, mizigo iliyozidishwa, viboko, mgonjwa aliyelazimishwa kubeba. Kutoroka kulikuwa ndiyo njia pekee ya mpagazi kusema hapana. Tumewasamehe wapagazi wale, na leo tunasoma safari zao kwa heshima. Kijana wa miaka 14 anayeacha tranka lake na kuondoka usiku anastahili kusomwa kwa makini hayo hayo.

Mtu atasema shule zina nidhamu na fimbo ipo. Fimbo ni sehemu ya tatizo. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba karibu vijana watatu kati ya wanne, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili na mtu mzima au mwenza kabla ya kufikisha miaka 18. Mtoto aliyekulia humo haoni ajabu mkubwa kumpiga mdogo; ndivyo dunia ilivyopangwa. Hata hivyo kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu, na viandikwe. Kiranja hayumo. Kila fimbo iliyo mkononi mwa mwanafunzi bwenini imevunja kanuni hiyo, na shule inayoifumbia macho inaivunja pamoja naye. Nayo Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuteswa au kudhalilishwa, bila kujali anayemdhalilisha ana umri gani.

Kinachosaidia kinajulikana. Baada ya wavulana watatu kujiua kaskazini mwa Norway mwishoni mwa 1982, tukio lililohusishwa na uonevu wa wenzao, serikali ilianzisha kampeni ya nchi nzima mwaka 1983, na katika shule za Bergen zilizofuatiliwa na Olweus uonevu ulipungua kwa takriban nusu. Kampeni ile ilitegemea zaidi watu wazima kuliko fedha: kuonekana wakati wa mapumziko, kuingilia kila tukio hata dogo, kumwita mwonezi na mwonewa kila mmoja peke yake, kuwaambia wazazi wa pande zote mbili. Yote hayo yanawezekana Kaliua na Nzega. Kidato cha kwanza walale bweni lao. Zamu ya maji iwe na saa yake na mtu mzima bombani. Viranja wasigawe chakula wala adhabu. Wiki ya pili ya muhula kila mgeni aitwe na mwalimu wa malezi, peke yake, aulizwe vitu vyake viko wapi: ndoo iko wapi, godoro liko wapi, sukari ilikwenda wapi. Mtoto anayeogopa kusema "naonewa" anaweza kusema "sina ndoo", na hilo linatosha kuanzia.

Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 umewafungulia mlango wa kurudi shuleni wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali. Umetenda haki. Ila aliyekimbia uonevu akirudishwa kwenye bweni lile lile, kitanda kile kile, atakimbia tena, na safari hii hatasema hata kwa mama yake. Mzazi anayemrudisha ana haki ya kuuliza ofisini kabla hajashusha godoro: nani anaongoza bweni hilo, mwalimu gani hulipitia usiku, na mtoto akitaka kusema jambo saa sita usiku aende mlango gani. Na mtoto mwenyewe apewe namba 116, simu ya huduma kwa mtoto isiyotozwa, aishike kichwani, kwa sababu karatasi ndani ya tranka haitadumu hata wiki.